Nyumba Isiyokaliwa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejifunza kwamba nyumba ikikaa siku thelathini bila mtu, bima yake inakufa kimyakimya. Hakuna anayekupigia simu kukuambia. Mama alifariki tarehe mbili mwezi uliopita. Kwa hiyo siku zenyewe zinaisha kesho — na mimi nilikuwa nimekaa dukani nakata lenzi za miwani ya watu, sina habari.

Wakala wa bima ni mwanamke wa rika langu, anaongea kama mtu anayewahi basi. Akanieleza. Benki ya mnunuzi haitatoa mkopo kwa nyumba isiyo na bima. Bima ya kawaida haitaki nyumba tupu. Ila kuna bima ya nyumba isiyokaliwa, na ina masharti yake. Maji yafungwe kwenye koki kuu. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu. Kila baada ya siku saba mtu aende kukagua, aandike kwenye daftari alichokuta, aweke sahihi na tarehe. Na mtu yeyote akianza kulala humo, hata usiku mmoja, waambiwe siku hiyohiyo.

Nikauliza, nisipowaambia? Akanitazama juu ya miwani yake — fremu imepinda upande wa kushoto, vidole viliniwasha kuinyoosha — akasema, "Basi dada, utakuwa umelipia karatasi."

Nimetia sahihi kurasa nne. Msimamizi wa mirathi ni mimi. Kaka yuko mbali na ana shughuli nyingi, hilo tunaambiwa tangu tuko wadogo. Mdogo wetu, Mwisho — Mama alimwita hivyo alipoona sasa inatosha — ni fundi umeme, leo yuko huku, kesho kule. Sasa kabaki nani? Wa katikati.

Alhamisi, 6 Machi

Ukaguzi wa kwanza. Alhamisi mchana sina zamu, kwa hiyo siku imepatikana. Saa moja na nusu kwenye basi kwenda, na hivyohivyo kurudi.

Nyumba imekuwa ndogo. Au vitu ndivyo vilivyokuwa vinaikuza. Sebuleni zimebaki alama za makochi sakafuni. Chumba cha Mama kina chaga za kitanda tu. Chumba cha nyuma, chetu cha utotoni, kina lile kabati ambalo hakuna aliyeweza kulipitisha mlangoni. Baba alilitengenezea humohumo ndani, akasahau kwamba siku moja litatoka.

Nikafunga maji. Nikazima umeme — swichi kuu iko juu kwenye korido, nilipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikaandika: Milango imefungwa. Madirisha mazima. Maji na umeme vimezimwa. Hakuna mtu. Sahihi.

Hilo ndilo daftari la bima. Hili ni langu.

Jirani wa geti la kijani alinichungulia juu ya ukuta. Mama mtu mzima, mjane, anajua nani kafua lini. Nikamwamkia. Akauliza kama kweli tunauza. Nikasema ndiyo. "Haya," akasema. "Mimi nilimzoea mama yenu, sasa nitazoea wengine." Nikamwachia namba yangu ya simu, ikitokea lolote anipigie.

Alhamisi, 13 Machi

Mnunuzi alikuja na futi ya kupimia madirisha. Ni mfamasia, ana watoto watatu, anacheka kwa sauti. Kasimama katikati ya chumba cha Mama akisema hapa atawalaza mapacha. Nikatabasamu. Kisha nikaenda jikoni kufungua bomba ambalo halina maji.

Anasema benki itamtuma mthamini mwanzoni mwa mwezi ujao. Baada ya hapo ni kubadilisha hati tu. Kubadilisha hati tu! Msajili anayehusika yuko likizo na faili limefungiwa kwenye kabati lake.

Daftari: Hakuna mtu.

Alhamisi, 20 Machi

Kuna mtu.

Mlango ulikuwa umefungwa vizuri. Kitasa kizima. Lakini nilipoingia tu pua ikaniambia. Sabuni. Nyumba tupu inanuka vumbi, hainuki sabuni. Nikasimama palepale, mkono umeshika funguo, nasikiliza. Kimya.

Ndoo haikuwa kwenye korido. Ilikuwa bafuni, ndani yake maji kidogo. Jikoni mstari wa sisimizi, wako kazini kabisa, wanatoka kwenye dirisha la nyuma mpaka kwenye makombo ya mkate kando ya sinki. Sisimizi hawaji kutazama ukuta. Chumba cha nyuma sakafu imefagiwa. Nikajaribu kufungua kabati, halikufunguka, sijui limekwama au sikuvuta kwa nguvu.

Sikuita. Ningemwita nani?

Nikatoka, nikafunga, nikakaa kwenye kizingiti. Funguo ziko seti tatu. Yangu. Ya Kaka. Na ya Mama, ambayo tangu msibani hakuna aliyeiona.

Daftari liko mapajani. Nikiandika kuna mtu, wakala lazima ajue leo. Akijua leo, bima inakatika, benki inajua kesho, mfamasia anaondoka na futi yake. Na mimi sijamwona mtu. Nimeona sisimizi.

Nikaandika: Hakuna mtu.

Ijumaa, 21 Machi

Nimevunja lenzi mbili leo. Bosi kaokota vipande mwenyewe. Ndiyo mbaya zaidi.

Nimempigia Kaka, nikamuuliza kwa kuzungukazunguka kama funguo zake anazo. Anazo, ziko kwenye droo ofisini. Akauliza kuna nini. Nikasema naweka kumbukumbu. Akasema vizuri, mdogo wangu, kazi ni kumbukumbu. Kaka akisema "vizuri" unajisikia kama umepewa nyota darasani, hata ukiwa na miaka arobaini na tisa.

Nikampigia Mwisho. Simu inaita, haipokelewi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeenda bila siku yangu, nimeomba ruhusa kazini, nikafika saa tisa. Nikapita kwa nyuma.

Alikuwa uani anasuuza shati. Mwisho. Mgongo umekonda, kola ya fulana imelegea. Hakushtuka. Aligeuka tu, shati linachuruzika, akasema, "Shikamoo dada."

Sikuitikia. Nikauliza, "Tangu lini?"

"Tarehe kumi na nne."

"Na Alhamisi nilipokuja?"

"Nilikuona kona ya juu unashuka kwenye basi. Nikatoka. Godoro nililisukumia kabatini."

Tukaingia jikoni. Hakuna pa kukaa, tukakaa chini, migongo ukutani, kama zamani tukisubiri chakula. Akanisimulia. Kampuni ilimwachisha kazi tangu Desemba. Hakumwambia wifi. Kila asubuhi alibeba begi lake la vifaa, akaaga, akaenda kukaa kwenye bustani ya hospitali mpaka saa kumi na moja. Miezi mitatu! Wifi alijua alipokutana sokoni na aliyekuwa bosi wake. Hakumfukuza kwa kukosa kazi, kasema. Alimfukuza kwa lile begi.

"Na msibani ulikuwa tayari huna kazi?"

"Ndiyo."

"Funguo za Mama?"

Akazitoa mfukoni. Alizichukua siku ya mazishi juu ya friji. Nikamuuliza kwa nini hakuja kwangu. Akanikumbusha kwamba nina chumba kimoja na sebule na binti anayesomea mtihani. Kweli. Kwa nini hakumpigia Kaka? Hapo alicheka, na mimi nikacheka, ingawa haikuchekesha.

Nikamweleza masharti ya bima. Neno kwa neno. Hata usiku mmoja, nikamwambia. Akasikiliza, kichwa chini. Kisha akasema kitu ambacho nimerudi nacho mpaka nyumbani. Kasema miaka mitatu hakuingia humu kwa ajili ya ule ugomvi wake na Mama, na wala hakumbuki vizuri ulianza na nini. "Nilitaka kulala humu kabla haijawa ya watu."

Nilipaswa kusema leo hii utoke. Nikasema mwisho wa mwezi. Usiwashe taa. Usifungue madirisha ya mbele. Umeme usiuguse.

"Nachaji simu tu, dada. Kazi zinapatikana kwa simu."

Nikasema simu tu.

Jumapili, 23 Machi

Nimeamka nimekasirika. Si kwake. Kwamba nilisema "mwisho wa mwezi" kirahisi hivyo, kama mtu mwenye mamlaka.

Binti yangu kauliza mbona naongea peke yangu. Nimemwambia napiga hesabu za lenzi.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeandika hakuna mtu huku mtu mwenyewe ananishikia taa ya simu.

Wote wawili tulijifanya hatuoni.

Mwisho kaziba dirisha la bafu lililokuwa linavuja. Kapaka grisi bawaba za geti. Chumba cha Mama kafuta hadi juu ya mlango. Nikamwambia hiyo siyo nyumba yake. Akasema anajua, ndiyo maana anaharakisha.

Jirani wa geti la kijani alinisubiri nje. "Mmepangisha?" Nikasema hapana, mama. "Maana kuna mtu anapiga mluzi asubuhi. Anapiga vizuri." Nikasema labda ni ng'ambo ya ukuta wa nyuma. Akaniangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa mtoto anayeapa hajala sukari huku mdomo mweupe. Alimfahamu Mwisho tangu anatambaa. Anajua mluzi wa nani.

Jumatatu, 31 Machi

Mwisho wa mwezi ni leo. Mwisho kanitumia ujumbe: kapata kibarua cha wiki moja, kufunga nyaya kwenye maduka mapya, jirani kabisa na nyumba. Akimaliza atalipia chumba. Anaomba mpaka Jumapili.

Nimejibu: Jumapili. Si zaidi.

Jumatano, 2 Aprili

Mthamini wa benki. Nilimwonya Mwisho tangu jana, akaondoka alfajiri na kila kitu isipokuwa godoro, ambalo halibebeki kimyakimya. Liko kabatini.

Mthamini ni mwanamume wa makamo mwenye ubao wa kuandikia na tochi kama ya daktari wa meno. Anagonga kuta, anasikiliza. Kila chumba alichoingia mimi niliingia kwanza. Jikoni sawa. Sebule sawa. Chumba cha nyuma akapiga tochi dari, pembe, soketi. Kisha akashika mkono wa kabati.

Akavuta. Halikufunguka.

"Hili linabaki?"

"Linabaki," nikasema. "Halitoki. Lilijengwa humu humu." Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

Akavuta tena, kidogo. Kisha akaandika kitu na kutoka. Nikaegemea lile kabati, nikasikia godoro limejibana ndani kama mtu anayezuia pumzi.

Hatimaye mthamini kasema nyumba iko imara, paa zuri, ila nyaya za umeme za chumba cha nyuma na korido ni za zamani mno. Ataliandika. Benki inaweza kutaka zibadilishwe kwanza, au ishushe thamani. Mfamasia kanipigia jioni, sauti yake haikuwa na kicheko. Anasubiri.

Kosa langu lilikuja baadaye. Nilimpigia Mwisho nimwambie yamepita salama, nikamwambia na la nyaya. "Za chumba cha nyuma?" akasema. "Hiyo ni kazi ya siku moja, dada."

Nikasema usiguse kitu.

Nakumbuka vizuri kwamba nilisema. Nakumbuka pia nilivyosema — kama mtu anayekataa chai huku anavuta kiti.

Alhamisi, 3 Aprili

Ukaguzi. Mwisho yuko kibaruani. Swichi kuu imezimwa, nimeiona kwa macho yangu. Nikaandika hivyo. Hakuna mtu — na kwa saa hiyo ilikuwa kweli, hakukuwa na mtu. Nilifurahi kuandika kitu cha kweli.

Jumamosi, 5 Aprili

Moto.

Jirani kanipigia saa kumi na dakika ishirini. Nilikuwa nafunga skrubu kwenye fremu ya mzee mmoja, mwenyewe amekaa mbele yangu. "Mwanangu, moshi unatoka kwenu. Zimamoto nimeshawaita." Nikamwachia yule mzee miwani yenye mguu mmoja.

Basi halikuwa linaenda. Nilishuka njiani nikachukua pikipiki. Nilipofika gari la zimamoto lilikuwa limeshamaliza, mipira inakunjwa, maji yanatiririka kutoka mlango wa mbele kama nyumba inalia. Chumba cha nyuma hakuna dari. Mabati ya juu yake yamejikunja. Kabati la Baba ni mbavu nyeusi. Korido nyeusi mpaka juu. Sebule na chumba cha Mama vina moshi na maji, lakini viko.

Mwisho sikumwona. Nikauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama kuna mtu ndani. Ofisa wa zimamoto akasema hapana. Akaniuliza, nyumba inakaliwa? Jirani alikuwa amesimama hapohapo, kanga begani. Hakunitazama. Akasema, "Mama yao amefariki. Nyumba tupu." Ofisa akaandika.

Ofisa kasema moto umeanzia kwenye soketi ukutani. Kuna waya mpya na waya wa zamani zimeunganishwa bila kufungwa mkanda. Akauliza kama kuna fundi aliyekuwa anafanya kazi. Nikasema sijui. Nimesema sijui.

Alipoondoka, jirani akanishika mkono akaniingiza kwake. Mwisho alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, mkono wa kulia ndani ya beseni la maji. Kiganja kimevimba, ngozi imeinuka. Alikuwa anabadilisha zile nyaya, akatoka kidogo kununua mkanda wa waya. Mkanda tu. Aliporudi moshi ulishajaa. Akaingia kuzima swichi kuu, ikawa moto kama jiko.

"Uliacha umeme umewaka?"

"Nilikuwa nachaji simu."

Mimi ndiye niliyesema simu tu.

Jumapili, 6 Aprili

Nilimpeleka zahanati. Daktari kauliza kaungulia wapi. Mwisho kajibu, kazini.

Amelala sebuleni kwangu. Binti yangu kamwachia kochi na anasomea kitandani. Tangu jana anautazama tu ule mkono. Fundi umeme. Ameshafunga nyaya za hospitali nzima.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimempigia wakala. Kasema pole sana, kwa dhati, na bila kupumua akaniuliza kama daftari la ukaguzi liko salama. Liko salama. Nililibeba mwenyewe kwenye begi. Ningekuwa na akili ningeliacha kwenye kabati.

Kasema mkadiria hasara atakuja Alhamisi saa nne. Nijaze fomu kabla. Ameituma. Nimeisoma yote. Maswali kumi na moja. Sita ya kwanza nimeyajaza hapohapo. La saba: Je, ndani ya siku thelathini kabla ya tukio, kuna mtu yeyote aliyekaa au kulala ndani ya nyumba? Kuna kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana. Chini: Natamka kwamba maelezo haya ni ya kweli, na ninaelewa kuwa maelezo ya uongo ni kosa.

Jioni nimemwambia Kaka. Yote. Kuanzia sisimizi. Hakunikatiza, na Kaka ni mtu wa kukatiza. Nilipomaliza nikasikia anafunga mlango wa ofisi yake.

"Nani mwingine anajua?"

"Jirani."

"Atasema?"

"Ameshasema. Kasema nyumba tupu."

"Basi nyumba ilikuwa tupu. Nyaya za zamani, mthamini mwenyewe kaandika. Mwisho atakuja huku kwangu kesho, akae mpaka mambo yaishe. Umenielewa, mdogo wangu?"

Nikasema waya mpya je? Nikasema ofisa wa zimamoto ameuona. Akasema labda Mama aliita fundi kabla hajafariki. Alisema haraka sana. Nikagundua kwamba alikuwa ameshaandaa jibu hilo wakati mimi bado naongea.

Kumsingizia Mama. Mama ambaye hata balbu alisubiri tuje tubadilishe.

Jumanne, 8 Aprili

Mwisho ameondoka asubuhi na basi la saa mbili kwenda kwa Kaka. Nilimfungia bendeji upya. Mlangoni akasema, "Utaandika nini?"

"Sijui."

"Kaka kasema usinitaje."

"Najua alichosema Kaka."

Akaweka sawa begi lake begani — begi lilelile. Akasema ukiandika mimi nilikuwepo, nyumba imekwenda, na nyinyi wote mtakosa kwa ajili yangu. Ukiandika sikuwepo, na wakajua, wewe ndiye utakayefungwa, siyo mimi. Sahihi ni zako. Nikamwambia panda basi.

Sahihi ni zangu. Nimezihesabu. Tano. Ya tatu ni ya sisimizi, sikuwa na hakika. Ya nne namwona mtu kabisa na nimeandika hayupo. Hiyo haina maelezo.

Mfamasia kapiga. Hana hasira, na afadhali angekuwa nayo. Kasema bado anaipenda ile nyumba, anataka kujua tu kama itajengwa upya au la, benki imempa mpaka Ijumaa. Akanipa pole ya moto. Akauliza, hakuna aliyeumia?

Nikasema hakuna.

Jumatano, 9 Aprili

Swali la saba bado tupu.

Nimejaribu kuandika kwa penseli. Hapana. Nikalifuta. Ndiyo. Nikalifuta. Karatasi imeanza kuchakaa pale, mtu yeyote ataona.

Wakala alinipigia akinikumbusha nibebe funguo zote za nyumba. Zote, kasema. Seti ngapi? Nikasema tatu. Na ziko kwa nani? Nikasema moja kwangu, moja kwa kaka yangu, moja ilikuwa ya marehemu. Hakuuliza zaidi. Lakini aliandika, nilisikia kalamu.

Kaka kapiga mara mbili. Mara ya pili nimeiacha ikaita.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika nimesimama, daftari langu juu ya sinki la jikoni. Mikono ina masizi.

Mkadiria hasara alifika saa nne kasoro. Mtu mzima, mpole, amevaa buti na koti la mvua ingawa hakuna mvua. Alinisalimu vizuri, akanipa pole ya mama kabla ya pole ya nyumba. Nilitarajia askari. Ningejua namna ya kukaa mbele ya askari.

Alianza na daftari. Akalisoma kurasa zote kwa utulivu, akiwa amesimama kwenye korido, masizi yakimdondokea begani. "Umeandika vizuri," kasema. "Wengi huandika yote siku moja, na kalamu moja." Kisha akaingia chumba cha nyuma. Akachuchumaa kwenye majivu ya kabati, akafukua kwa fimbo. Akatoa kipande cha godoro. Sponji, ukubwa wa kiganja, upande mmoja haukuungua. Akakigeuzageuza. Akakitia kwenye mfuko wa nailoni, akaandika namba juu yake.

"Fomu umekuja nayo?"

Nikampa. Akaipitia. Kidole chake kikasimama kwenye la saba. "Hapa umesahau."

"Sikusahau."

Akaniangalia. Nikasema naomba dakika tano. Akasema chukua kumi, mimi nitazunguka uani.

Nikaja na fomu huku jikoni. Nikafungua kalamu. Ndipo nikasikia geti.

Nilidhani ni jirani. Ni Mwisho. Yuko na shati safi, bendeji nyeupe mpaka kwenye kifundo. Hakuwa kwa Kaka. Kama alifika, hakulala. Sikumwita, wala yeye hakutazama dirishani. Alikwenda moja kwa moja kwa mkadiria, akainama kidogo kumwamkia, akampa mkono wa kushoto.

Nawaona kutoka hapa. Sisikii maneno. Simu yangu inatetemeka juu ya sinki, ni Kaka.

Mwisho anaongea. Hapumziki. Ameinua ule mkono wenye bendeji, anaonyesha dirisha la chumba cha nyuma, kisha upande wa korido iliko swichi, kisha barabarani, upande wa duka alikonunua mkanda. Mkadiria alikuwa anaandika. Sasa ameacha. Kalamu ameiweka mfukoni, anamsikiliza tu, kichwa kimeinama upande mmoja.

Sasa wote wawili wamegeuka, wanatazama huku jikoni.